Mrija wa Euphrasie

Wasikilizaji wapendwa, leo namkumbuka Euphrasie, muuguzi wa hapa Bukavu. Alifariki Jumanne kwa malaria. Narudia: kwa malaria. Mtaelewa punde kwa nini narudia.

Mwaka 1956 Euphrasie alikwenda kwa miguu hadi Nyantende. Huko alimkuta Séraphine, mama wa watoto wanne, akilala katika kibanda cha mbuzi. Alikuwa na kansa ya titi. Kidonda kilinuka, sikatai. Matendo ya jamaa zake yalinuka zaidi. Chakula chake walikiweka juu ya jani la mgomba, wakakisukuma kwa fimbo. Mume wake, Ignace, alisema ni laana na itawarukia. Ignace huyohuyo kanisani alikaa benchi la mbele!

Euphrasie alikiosha kidonda, akakifunga. Akarudi kila juma. Jumapili moja aliwakuta watu wameuzunguka mtungi wa kasiksi, ile pombe yetu ya ndizi. Desturi mnaijua: mtungi mmoja, mrija mmoja, mdomo hadi mdomo. Anayenyimwa mrija ni kama amekwisha kuzikwa. Séraphine alikuwa amenyimwa miezi saba.

Euphrasie akamtoa kibandani, akamketisha katikati, akampa mrija. Séraphine akanywa. Watu wakaruka nyuma.

"Maman, weye iko na kichwa kweli?" Ignace alipiga kelele. "Ile bugonjwa itakuingia!"

"Papa Ignace, miye namuosha kila juma. Kama inaruka, ingekuwa imeisha kuniruka."

Akachukua mrija uleule, bila kuufuta, akavuta mpaka ukakoroma.

"Sasa munywe. Ao mumwambie mbele ya macho yake kwamba mbuzi inamupita bumuntu, inamupita utu."

Mama yake Ignace ndiye aliyecheka kwanza. Akanywa. Séraphine alikufa miezi mitatu baadaye, nyumbani, kitandani mwake.

Tangu hapo Euphrasie alisema sokoni, mlangoni mwa kanisa, hata Luberizi kwenye mashamba ya mpunga: kansa hairuki.

Basi sikilizeni aibu yetu. Juzi, matangani kwake Kadutu, mtungi uliwekwa uani. Walikuwapo makarani wenye tai na vyeti. Wakanong'ona kwamba kansa imemrukia. Hakuna aliyeugusa mrija. Nilichefuka. Kisha nikajichefukia mwenyewe, maana mimi, niliyesoma shule ya jioni miaka sita, nilikuwa natafuta glasi ya peke yangu.

Akaja mwanamume mwenye vumbi miguuni. Ni Ignace, kutoka Nyantende.

"Munangoja nani?" akasema. "Mujinga wa kwanza nilikuwa miye. Ile nafasi yangu munaitakia nini?"

Akainama, akanywa. Akaniletea mimi mrija, nami nikanywa.

Pole sana muzee Gaston, baba yake Euphrasie, na maman Eulalie, mama yake. Binti yenu hakuzaliwa bure.

Nanyi, wasikilizaji wapendwa, kama nyumbani kwenu kuna anayekula peke yake kwa sababu ya kidonda, nendeni mkakae naye leo. Mpokeeni mrija. Wala msiufute.