Mama Ernestine Kanku, Aliyetibu Magoti kwa Foni

Wasikilizaji wapendwa wa Kolwezi, wa Musonoi na Mutoshi, sogeeni karibu. Leo tunamkumbuka Mama Ernestine Kanku, muuguzi, aliyefariki juma lililopita huko Mbuji-Mayi. Habari zake tumezipata kwa mgonjwa wake, Mama Blandine. Alitusimulia ameinamisha kichwa.

Ernestine alizaliwa hapa hapa Kolwezi. Wazazi wake waliletwa kutoka Kasai kufanya kazi mgodini. Mwaka wa tisini na tatu, migodi ikiwa inakufa, watu wa Kasai walifukuzwa, Ernestine na watoto wake wakiwamo. Walilala gare, pale stesheni, na watoto wao wakingoja treni, huku nyumba zao zikiporwa hadi milango. Na waliopora, wapendwa, walikuwa majirani.

Mama Blandine alibaki na magoti yake. Alikuwa na mwili mkubwa, na magoti yalikuwa yamelika. Kwenda chooni tu ilikuwa safari. Ernestine ndiye aliyekuwa akimsaidia kupunguza uzito. Sasa angemtegemea nani? Basi Jumamosi moja akaitwa parokiani, kwenye foni, ile redio ya masista ya kuzungumza na watu wa mbali. Kutoka Mbuji-Mayi, Ernestine alikuwa akiwatafuta wagonjwa wake wa magoti.

Foni haina siri. Anayengoja zamu yake husikia yote. Hebu fikiria, mama mzima ataje kilo zake mbele za watu, tena miaka ya njaa, ambapo mke akikonda bwana ndiye anayechekwa! Blandine alijikaza. Akapunguza matonge ya bukari, akapunguza mawese kwenye mboga ya sombe, akawa ananyoosha mguu mmoja mmoja akiwa kitini. Siku moja akataja kilo zake kwa majivuno.

"Umepimia wapi?" Ernestine akauliza.

"Ku nyumba."

"Njo ile balance ya kijani, kioo yake ilipasuka?"

Ilikuwa mizani ya Ernestine mwenyewe. Blandine aliibeba siku zile za uporaji, akijiambia kwamba asipoichukua yeye atachukua mwingine. Waliokuwa kwenye foleni wakatazama chini.

"Ile inadanganyaka, mama. Inapunguza kilo mbili. Ongeza mbili, tuendelee. Magoti inasema nini?"

Blandine aliona aibu hadi akatamani ardhi immeze. Alitaka kuacha kabisa. Lakini maumivu hayajui aibu, akarudi. Uzito ukashuka, akaanza kwenda misa kwa miguu yake. Baadaye simu za mkono zikaja, Ernestine akaendelea kumpigia. Kila mara Blandine alitaka kuomba msamaha, na kila mara aliongea habari za magoti.

Juzi alimpigia Elise, binti wa marehemu, kumpa pole. Akajikaza, akauliza mama yake alijuaje habari ya mizani ile.

"Tulikuona, mama," Elise akajibu. "Tulikuwa ku gare, ukapita na balance ku kichwa. Mama akatuambia sisi batoto: mugeuke, musimuangalie, atasikia haya."

Elise na ndugu zako, poleni sana. Mungu ampumzishe mama yenu. Na sisi tuliobaki katika nyumba hizi, tujiulize tulibeba nini, na nani aligeuza uso ili tusiaibike.

Tulimwuliza Mama Blandine kama tufiche jina lake. Akakataa. "Mutaje yote," alisema. Anaitwa Blandine Mukalay, wa Musonoi.