Mwalimu Mbuzi na Somo Lililobaki

Marehemu, ambaye wengi wenu mlimwita Mwalimu Mbuzi, alizaliwa tarehe 9 Juni 1961, mtoto wa tatu wa fundi saa. "Kwa nini" haikumtoka mdomoni. Siku moja alifungua saa ya mteja aone mlio unakaa wapi. Baba alimtafuta hadi uvunguni.

Alimaliza shule ya msingi 1975 na chuo cha ualimu 1983, kisha akafundisha hesabu miaka thelathini na minane katika shule ile ile, darasa la karibu na tangi la maji.

Kompyuta zilipoletwa shuleni mwaka 2006, wenzake walizifunika vitambaa zisiingie vumbi. Yeye alizifunua. Alitengeneza masomo yenye picha zinazotembea na sauti yake mwenyewe. Mwanafunzi akikosea, mbuzi analia. Wiki ya kwanza darasa zima lilifeli. Akamwinamia binti aliyekuwa hodari kuliko wote.

"Wewe nawe! Saba mara nane ni hamsini na tisa?"

"Ni hamsini na sita, Mwalimu. Lakini hamsini na sita haina mbuzi."

Alicheka hadi akaketi. Kesho yake mbuzi akahamia kwenye jibu sahihi, na jina la Mwalimu Mbuzi likamganda.

Tarehe 12 Desemba 1987 alikuwa amemwoa mpishi wa shule, aliyeishia darasa la saba. Kila somo la kompyuta lilianzia kwake.

"Mama watoto, umeelewa?"

"Baba watoto, picha inatembea, wewe unasema, maandishi nayo yanapita chini. Macho ninayo mawili, akili ninayo moja."

Akayafuta maandishi. Wanafunzi wakaanza kushika upesi. Ila kugawanya sehemu kwa sehemu, nusu kwa robo, mkewe hakukuelewa, na jambo hilo lilimnyima raha mumewe.

Februari 2022 sauti ilianza kukwaruza. Madaktari waliona uvimbe kooni, wakasema upasuaji utaiondoa sauti yote. Aliomba siku kumi. Akajifunika blanketi kichwani kuzuia kelele za nje, akalirekodi upya somo la kugawanya, kikohozi kikimkatiza kila sentensi. Siku ya tisa alimaliza. Baada ya upasuaji aliuliza kwa kuandika: "Umeelewa?" Mkewe, kwa kuwa anamwogopa Mungu, alijibu, "Bado."

Ugonjwa ulirudi. Asubuhi ya Jumanne, 4 Aprili 2023, mkewe aliketi kando ya kitanda cha hospitali, kompyuta magotini, akiisikiliza ile sauti ya zamani: "Una nusu ya mkate. Kila mtu anapata robo ya mkate. Robo ngapi zimo humo?"

"Kumbe kugawanya ni kuuliza zimo ngapi!" Akabonyeza mbili.

Mbuzi akalia, akasikika wodi nzima.

"Nani kaleta mbuzi humu?" muuguzi akauliza.

Marehemu alifumbua macho, mabega yakamtikisika kwa kicheko. Hakuandika swali tena. Saa nne Mungu alimchukua.

Ameacha mjane, watoto watatu, wajukuu watano, dada mmoja, na sauti yake darasani. Mola ampumzishe kwa amani, na kila "kwa nini" yake ijibiwe huko.