Walilivika Zimwi Ngozi Yangu

Bwana asifiwe, ndugu zangu! Msichoke kuitikia, maana nimekuja na jambo ambalo kwa muda mrefu nilishindwa kulisema hata nikiwa peke yangu na Mungu wangu. Jina langu ni Kadzo. Kwetu ni Rabai, lakini naishi hapa kisiwani, Mbaraki. Hili kovu mnaloliona shingoni linashuka hadi kwenye kiwiko. Leo sikulifunika.

Nilikuwa na mume, Katana, kibarua wa bandarini. Asubuhi moja nachemsha chai, stovu ya mafuta ya taa ikalipuka mbele yangu. Katana aliuzima moto mwilini mwangu kwa mikono yake mitupu, na moto huo ukampanda yeye. Tulilazwa hospitali moja, yeye wodi ya wanaume, mimi ya wanawake. Mimi nilitoka. Yeye hakutoka. Hata kumzika sikumzika, ndugu zangu! Walimpeleka Rabai nami nimelala na bendeji hadi masikioni.

Binti yetu Upendo alikuwa kwa bibi yake siku ile. Aliporudishwa kwangu alinitazama, akapiga ukelele, akajificha nyuma ya wifi yangu Sidi. Nikadhani atazoea. Hakuzoea. Mwaka mzima na zaidi alilishwa na Sidi, alilala na Sidi, na mimi nikimkaribia alikaza mwili kama ubao. Jamani, kuogopwa na uliyemzaa!

Nilirudi kazini. Bwana Swaleh, mzee wa Kiislamu mpole sana, alikuwa na studio ya picha Mji wa Kale, na kwake ndiko nilikojifunza kusafisha sura za maarusi pichani kwa brashi. Kompyuta zilipoingia, mpwa wake aliyeko Dubai alituletea kazi mpya: watu na wanyama wa kuchongwa ndani ya kompyuta, kwa michezo ya watoto. Wachongaji walikuwa huko huko Dubai. Sanamu zilitufikia laini, za kijivu kama udongo mbichi, na kazi yangu ilikuwa kuzivika ngozi.

Watu hudhani ngozi ni rangi moja. Ukimpaka mtu kahawia tupu anakuwa mwanasesere. Chini ya kahawia lazima uweke wekundu wa damu, na samawati kidogo chini ya macho. Vitundu vya jasho vya puani viwe vikubwa kuliko vya shavuni, paji ling'ae mafuta, kiwiko kiwe kikavu. Nilipiga picha viganja vya wazee, maganda ya mafenesi, migongo ya kenge, nikazipitisha kwenye skana na kuzishona juu ya sanamu kipande kwa kipande. Mchana kutwa niliwapa mashavu mazuri watu wasiokuwapo. Halafu nilirudi nyumbani kwa mtoto asiyetaka kuniona.

Basi ikaja sanamu ya zimwi. Nikalivika ngozi ya kenge, Dubai wakaikataa. Nikalivika ya fenesi, wakaikataa. Walitaka ngozi ya kutisha iliyo hai. Bwana Swaleh alinizungukazunguka, kisha akasema huku akitazama dirishani:

"Kadzo, mwanangu, usinifahamu vibaya. Hiyo shingo yako... tukiipiga picha, kazi itakubaliwa."

Ndugu zangu, nilikubali. Nilikuwa nimekwisha. Mtu aliyevunjika hajui hata pa kukasirikia. Niliketi penye mwanga, mwenzangu Omari akapiga picha, na mikono yangu mwenyewe ikazishona. Zimwi likageuka polepole kwenye kioo cha kompyuta, mikunjo ya kovu langu ikinyooka na kukunjika shingoni mwake. Dubai wakapiga simu kwa furaha. Omari akasema, "Wallahi, latisha kweli!" Hakuwa na nia mbaya, lakini mimi niliipokea kama hukumu. Tangu siku ile nilikuwa nikilala namwomba Mungu anichukue usingizini. Nikiamka, nilisema moyoni kwamba hata Yeye ananiogopa.

Wiki hiyo hiyo Sidi alishikwa na homa. Akamleta Upendo kazini kwangu, kisha yeye mwenyewe akapitiliza kwenda zahanati. Kabla sijawahi kuizima kompyuta, mtoto akaliona zimwi. Nikangoja ukelele. Hakulia. Alisogea, akaligusa kwa kidole.

"Hii shingo ya mama," akasema.

Nikaiacha kompyuta iwake.

"Mama, linaumwa?"

"Linaumwa, mwanangu."

Akafikiri. Akanigeukia. "Na wewe?"

"Na mimi. Sana."

Akaja, akaweka kiganja chake hapa. Hapa, ndugu zangu! Akapuliza, kama anavyopulizwa yeye akijikwaa. Nililia nikasikika hadi vichochoroni! Kumbe muda wote ule nilimwambia, "Si kitu, usiogope," na hakuna aliyemwambia kwamba lile ni jeraha, na mwenye jeraha ni mama yake.

Bwana Swaleh akapanda ngazi mbio.

"Bwana Swaleh," nikamwambia, "naiondoa ngozi yangu."

"Kadzo! Kazi imekwisha kubaliwa!"

"Ngozi hii Katana aliifia. Haitakaa juu ya zimwi."

Akaketi. Akajifuta uso kwa kanzu. "Niwia radhi, mwanangu," akasema. "Futa."

Nikafuta. Dubai wakakasirika, wakapeleka kazi kwingine, na baadaye studio ikafungwa. Leo nafua nguo za watu. Joto la kaskazi likianza, kovu huwasha hadi natamani kulichuna. Katana hakurudi. Siwadanganyi, wapendwa.

Lakini sijaomba tena kufa. Bwana alinitoa shimoni kwa kiganja cha mtoto mdogo, na siku hizi mtoto huyo hulala kitandani mwangu na kunipiga mateke hadi alfajiri. Haleluya! Nashukuru kwa kila teke!

Ndugu yangu, dada yangu, kama umefika hapa ukijiona kitu cha kutisha watoto, nakusihi: usimwambie Bwana kwamba si kitu. Mwambie panapouma. Inuka, uje hapa mbele tuombe pamoja. Njoo, nitakushika kwa mkono huu huu ulioungua.