Sahihi Ambayo Fundi Chaki Hakuiweka

Marehemu dada yetu, ambaye wengi wenu mlimjua kwa jina la Fundi Chaki, alizaliwa tarehe 9 Agosti 1958, mtoto wa pili wa fundi baiskeli, katika nyumba ya vyumba viwili iliyopakana na kibanda cha baba. Alihesabu meno ya gia za baiskeli kabla hajajua kuandika.

Baada ya shule ya msingi na sekondari aliingia chuo cha ufundi, akahitimu mwaka 1977, msichana pekee darasani. Siku ya kwanza mwalimu alimuuliza kama amepotea njia. "Sijapotea, mwalimu," alijibu. "Niambie nikae wapi."

Mwaka 1978 aliajiriwa katika karakana ya magari ya idara ya afya. Mfukoni hakukosa chaki: aliweka alama kwenye shafti, akazungusha gurudumu taratibu huku akihesabu, akakwambia uwiano wa gia za difu, kile kisanduku cha gia kati ya magurudumu, bila kuifungua.

Tarehe 12 Februari 1983 alifunga ndoa na mwoka mikate. Alimwonya mapema kwamba mikono yake haitaisha grisi. "Na yangu haitaisha unga," alijibiwa, na mambo yakaishia hapo. Walijaliwa mabinti wawili.

Yaliyotokea mwaka 2008 yaelezwe kama yalivyokuwa, kwa sababu salamu za rambirambi zilizoletwa jana kutoka karakanani zinasema alistaafu kwa hiari. Hakustaafu. Alifukuzwa.

Pikapu ya kupeleka dawa milimani ilikuwa imenyanyuliwa na kuvishwa matairi makubwa. Ikawa nzito kuvuta, hata kilima kidogo kiliishinda. Dawa yake ilikuwa kubadilisha gia za difu zote mbili, ya mbele na ya nyuma, ziwe na uwiano mmoja. Zikaletwa za nyuma tu.

"Funga hizo, za mbele tutaona baadaye," mkuu wa karakana alimwambia.

"Bosi, dereva akiingiza foo-wili, magurudumu yote manne yavute pamoja, ya mbele yatataka mwendo wake na ya nyuma wake. Lazima kitu kivunjike."

"Wewe saini tu gari litoke."

"Sisaini."

Tarehe 14 Machi alikabidhiwa barua ya kuachishwa kazi, miaka thelathini ikafungwa ndani ya bahasha moja. Gia zikafungwa na mtu mwingine. Wiki tisa baadaye dereva aliingiza foo-wili akipanda kilima cha matope. Magurudumu yalipokanyaga ardhi ngumu giaboksi ilipasuka, gari likarudi nyuma na kupinduka. Dereva alikatwa mguu chini ya goti. Ripoti ikasema kosa ni la Fundi Chaki, na fomu ya kuruhusu gari litoke ikaonyeshwa, yenye sahihi yake. Ilikuwa ya kughushi, tena kwa uvivu: hata jina la baba lilikosewa herufi.

Aliandika barua kumi na saba kwa idara, akidai jina lake lisafishwe. Alifungua kibanda chake cha ufundi, lakini wateja wakamkimbia, wengine waliokuwa wakimwita dada wakaanza kuvuka barabara. Mwaka 2019 kiharusi kilimlemaza mkono wa kulia. Akajifunza kuandika kwa wa kushoto, akaendelea.

Mwaka jana dereva yule alikuja nyumbani kwa magongo. Alikiri kwamba aliambiwa amtaje yeye, la sivyo matibabu yake yasingelipiwa. Mume wa marehemu alitaka kumtoa nje. Marehemu akamsogezea dereva karatasi, akasema, "Kaa. Andika." Dereva akaandika kurasa tatu, akatia sahihi. Mabinti walizipeleka karakanani. Wakajibiwa kwamba faili limeshafungwa.

Basi familia imeziambatanisha na ratiba hii ya mazishi mliyo nayo mkononi, mwishoni. Dereva yupo nasi, safu ya pili. Hatujamsamehe sote, lakini amekuja. Mkuu yule, aliyestaafu kwa sherehe, hakuja.

Kiharusi cha pili kilimpata Jumatatu asubuhi, akiwa mezani anakunywa chai. Alifariki hospitalini Alhamisi, tarehe 19 Oktoba 2023, mumewe akiwa amemshika mkono.

Ameacha mume, mabinti wawili, wajukuu wanne na mdogo wake wa kike anayewasomea haya. Ameacha pia, katika faili la karakana, sahihi ambayo hakuiweka. Hiyo hatuiziki leo.

Dada, wewe pumzika. Barua ya kumi na nane tutaiandika sisi.