Specioza Mihayo na Skrini ya Getini

Tarehe 30 Juni 2004, baada ya miaka ishirini na tisa katika kiwanda chetu cha kuchambua pamba hapa Bariadi, Mama Specioza Mihayo, karani wa mbegu, anastaafu. Wasifu wake nimeombwa niuandike mimi, Danford wa mizigo. Nilikubali haraka, halafu nikajuta. Tangu asubuhi nimeshainuka kitini mara nne kwenda kuangalia skrini ya getini, na haina tatizo lolote.

Aliingia mwaka 1975, enzi za ushirika, akipiga taipu orodha za wakulima. Soko la pamba lilipofunguliwa, kiwanda kikapata wenye mali wapya, kompyuta nazo zikaja, kila moja na kwao: ya ofisini mpya, ya ghalani ya mtumba, ya getini yenye maandishi ya kijani, iliyotoka sijui wapi. Sisi tulizigusa kwa ncha za vidole. Yeye alizifuta vumbi, akazisalimia "mwangaluka" kama watu, akaanza kazi.

Ila hakuziamini. Orodha ikishachapwa, aliibeba akazungukia skrini zote tatu, kwa miguu, juani, akilinganisha mstari kwa mstari. Tulimcheka sana. Marcelo, dereva wetu wa lori, alisema mama huyu hata akizikwa atatoka kuangalia kama jina lake limekaa sawa msalabani. Aliyecheka zaidi alikuwa mwenyewe.

Oktoba 1997 tuliacha kucheka. Mstari wa skrini ya ofisini ulibeba herufi mia na thelathini. Wa getini themanini tu, na zilizozidi ziliangushwa mstari wa chini yake. Siku hiyo neno DAWA, lililokuwa mwishoni kabisa mwa mstari wa fungu la 17, lilidondoka likakaa juu ya fungu la 18. Sasa, mbegu zenye dawa ni za kupanda, ni sumu. Zisizo na dawa ndizo zinazokamuliwa mafuta ya kula. Magunia yalishashonwa, yanafanana yote. Karani wa getini alidhani neno lile ni la fungu la 18, akaliruhusu la 17 liondoke na Marcelo kwenda kwa mkamuaji mmoja Ngulyati.

Nusu saa baadaye Mama Specioza akafika getini na karatasi yake. Alitazama skrini, akatazama karatasi, akatoka mbio. Jamani, mbio kwelikweli, kitenge mkononi, mpaka barabarani, akamsimamisha bwana shamba akapanda pikipiki yake. Walifika Ngulyati magunia yameshashushwa, na la kwanza linakatwa uzi. Alilikalia.

"Mafuta ya humu watoto watakula wafe," alimwambia mwenye mashine. "Sinyanyuki mpaka lori ligeuzwe."

Magunia yalipakiwa tena, lori likageuzwa. Meneja alitaka jina la karani aliyekuwa zamu. Mama Specioza aliandika kwamba skrini ya getini inakunja mistari mirefu, basi, na alipobanwa zaidi akaomba apewe kazi badala ya maswali. Akapanga upya orodha zote: mstari usizidi herufi sabini, majina ya vijiji yafupishwe, na DAWA liandikwe mwanzo wa mstari, kabla hata ya namba ya fungu. Kinachoua kisomwe kwanza, alisema. Orodha hiyo tunaitumia mpaka leo, na inasomeka sawa kwenye skrini zote.

Amefundisha makarani kumi na mmoja, na wote wametembezwa juani. Sasa anakwenda Lalago kwenye ng'ombe wake na mumewe, Mzee Januarius, ambaye tumeshamtahadharisha kwamba naye atakaguliwa.

Mwezi ujao zinaletwa kompyuta mpya, na orodha za mbegu nakabidhiwa mimi. Sina raha. Kwa karibu miaka saba hakumtaja karani yule, hata kwa utani, hata tulipobaki wawili ofisini. Nilikuwa mimi, Mayu, mama yetu. Leo jina hilo nimeliandika hapa ili usilibebe peke yako hadi Lalago.

Wabeja sana, asante kwa yote. Wafanyakazi wote tunakuombea afya, mvua nzuri na miguu iliyopumzika. Kuzungukia skrini sasa ni zamu yangu.