Mwano wa Picha za Vumilia

Kijiweni Kambarage, pembeni ya mafundi baiskeli, kuna benchi moja refu na birika la kahawa la Hatibu. Wanaokaa pale hawajawahi kushindwa na jambo lolote, kwa mdomo. Asubuhi hiyo Masalu, dereva bodaboda wanayemwita Antena kwa kuwa habari zote humfikia yeye kwanza, alikaa ukingoni akaiacha kahawa yake ipoe. Vumilia, fundi cherehani wa ng'ambo ya barabara, alikuwa amewaomba wasimame naye kwenye mkutano wa mbunge mchana huo, wadai sheria kali ya kuwabana wanaosambaza picha za utupu za wenzao. Za kwake zilimwagwa na mwanamume aliyeachana naye, na mji mzima ukaziona.

— Mimi nitasema wa kwanza, alianza Mzee Mabula, kamanda wa zamani wa sungusungu, walinzi wa jadi. Huyo bwana atoe ng'ombe. Dume zima!

— Ng'ombe wa nini, Kamanda? alidakia Donatus, mchimbaji wa zamani wa mgodi wa Bulyanhulu. Ashushwe shimoni, kamba tuikunje, twende zetu.

— Mnahangaika bure, alisema Hatibu akimimina. Mchawi ni minara ya simu. Izimwe yote, watu wapumue.

— Na mkeo utampataje? aliuliza Donatus.

— Nitamtuma Antena.

Wakacheka. Masalu hakucheka.

— Antena, umenuna nini? Si wewe uliyetushtua?

— Nilipiga mwano tu, Kamanda.

Ndivyo ilivyokuwa. Kwa Wasukuma, ng'ombe wakiibwa hupigwa yowe linaloitwa mwano, na kila anayelisikia hulipaza mbele mpaka kijiji cha pili. Anayenyamaza hutozwa faini. Masalu alipozipata zile picha aliandika chini yake, “Mwano! Dada yetu kadhulumiwa, mhalifu asakwe,” akazirusha kwenye kundi la kijiwe. Mabula akawarushia sungusungu wenzake, Donatus akazipeleka machimboni. Wote walikuwa na uchungu wa kweli, na wote walilala wakijiona wametetea mtu.

Vumilia akavuka barabara, kitenge kichwani.

— Shikamooni.

— Marahaba, mwanangu! Tuko tayari. Leo mbunge atatutambua.

— Asanteni, baba, alisema bila kukaa. Nina swali, nisije nikakwama kule mbele za watu. Jana mama kanipigia kutoka Kishapu. Wamemwonyesha picha zangu gulioni. Zina maneno ya mwano. Hataki tena kutoka nje, anasema atawatazamaje watu.

Birika likatuliwa chini. Masalu alimkumbuka kaka yake Luka, anayeuza mitumba kwenye gulio lile lile. Yeye mwenyewe ndiye aliyemtumia zile picha, akamwambia apaze.

— Sisi tulikuwa tunakutetea, mama, alisema Mabula, sauti imeshuka.

— Najua. Hata sina hasira na nyie. Ila sheria ninayokwenda kuiomba inamshika kila aliyesambaza. Mbunge akiniuliza ni nani hao, nimtaje nani?

Masalu alitaka kusema, “Nitaje mimi,” lakini akaificha simu yake mfukoni.

Vumilia aliwasubiri. Spika za mkutano zilipoanza kujaribiwa kule uwanjani, alikaza kitenge chake, akaenda peke yake.