Ngazi ya Mwalimu Eudosia

Wasikilizaji wapendwa, mwezi uliopita mtu asiyejulikana alijikwaa kwenye ngazi ya nyumba moja hapa Caño Hondo. Alikuwa amekumbatia klarineti. Goti lilichubuka, klarineti ikapona.

"Umejikwaa kwenye fa," sauti ikamwambia kutoka barazani. "Wageni wote hujikwaa hapo. Inuka, baba, fa haijawahi kuua mtu."

Huyo ndiye Mwalimu Eudosia Berrocal, tunayemkumbuka leo. Ametutoka akiwa na miaka sabini na mmoja. Alipiga bombardino, lile tarumbeta nene la sauti ya chini. Kwa miaka arobaini aliwafundisha wachunga ng'ombe na wavuna mpunga wetu kuhesabu mapigo na kupanda sauti.

Hakuwa na ubao. Alikuwa na ngazi. Nyumba yake imeinuliwa kwa sababu ya mafuriko ya mto Sinú, naye alimwagiza seremala: vidato saba, cha tatu na cha saba viwe vifupi. Ardhini ni do. Kidato cha kwanza ni re, cha pili ni mi. Kutoka mi kwenda fa ni nusu hatua tu, kwa hiyo kidato ni kifupi. Kutoka si kwenda do ya juu, nusu tena. "Mguu ukizoea, sikio litafuata," alikuwa akisema.

Mgeni aliitwa Wilfrido Ayazo, wa ng'ambo ya mto. Siku mbili kabla alikuwa amemzika mama yake. Kanisani alipiga klarineti pamoja na kinanda, wote wakisoma karatasi ileile ya noti. Wimbo ukaharibika. Watu wakacheka msibani, na padri akaukatiza.

"Mama nimemzika kwa kelele za paka," alisema. "Siku ya tisa ya matanga narudi pale kanisani. Nikiharibu tena, klarineti hii naitupa mtoni."

"Ulisoma karatasi ya kinanda?"

"Hiyohiyo, Mwalimu."

"Ah, mwanangu! Klarineti yako ikipiga do, kwenye kinanda hiyo ni si bemoli, yaani ile noti ya si iliyoshushwa nusu hatua. Uko hatua nzima chini yake. Kinanda kikishika do, wewe shika re. Panda hatua nzima, kila noti."

"Miaka kumi na minane napiga, hakuna aliyeniambia!"

"Nani angekuambia? Bendi yenu yote iko chini, mkaelewana hukohuko."

Kwa siku sita Wilfrido alipanda na kushuka ngazi ile akiimba. Lakini mapafu ya Mwalimu yalikuwa yameoza. Daktari alimkataza kupuliza. Alimkataza kabisa.

"Nitakushikia sauti ya chini," Mwalimu alimwambia Wilfrido. "Ila niahidi. Litokee lolote, usikatize wimbo. Mama yako ameshakatiziwa mara moja."

Wilfrido akaahidi.

Nelcy, bintiye Mwalimu, anatueleza: "Nilificha bombardino chini ya kitanda. Akaniambia, 'Nelcy, mimi ni mgonjwa, si kipofu.'"

Siku ya tisa, kanisani, sauti zilikaa sawa. Kinanda, klarineti, bombardino, kitu kimoja. Kwenye ubeti wa tatu bombardino likanyamaza. Mwalimu alikuwa ameinama juu yake. Wilfrido aliona. Aliendelea kupiga.

"Nilimchukia," anasema Nelcy. "Nikapiga kelele, 'Acha, mshenzi wewe!' Kumbe Mama amenishika mkono, ananigonga kwa kidole. Moja, mbili, tatu, nne. Moja, mbili. Kisha kidole kikatulia."

Wasikilizaji wapendwa, kwa Nelcy na ukoo wote wa Berrocal, poleni sana. Mungu awape nguvu. Na sisi tuliobaki tujiulize: nani alitupa kile tunachokijua, na sisi tumempa nani? Anayejua kuhesabu hadi nne, amhesabie mwenzake leo.

Wilfrido Ayazo hajagusa klarineti tangu siku ile. Lakini siku ile, mbele ya mahali lilipokuwa jeneza la mama yake na mbele ya mwili wa mwalimu wake, hakukatiza. Alipiga mpaka noti ya mwisho, akaishika mapigo yote manne.